Mkristo, mtu mzima na saikolojia ya mtandaoni: utasoma nini hasa?

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Ana miaka 43, ni mzee wa kanisa, na kwa muda mrefu watu wamekuwa wakimletea mambo yao: ndoa inayoyumba, mtoto aliyeacha kula tangu mama yake afariki, kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Anawasikiliza, anaomba nao, anawashauri kadiri anavyojua. Sasa anataka kusomea saikolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine kina kampasi mkoani humo, Kampasi ya Mizengo Pinda, lakini huko ni habari za kilimo na nyuki. Kuacha kazi na watoto aende Dar es Salaam miaka mitatu, haiwezekani. Kilichobaki ni simu, bando na kozi ya mtandaoni. Na akipekua kozi zenyewe anakuta nyingine zimeandikwa "saikolojia kwa mtazamo wa Kikristo".

Mtu huyu kwa kawaida ana hofu mbili. Ya kwanza: je, kichwa changu bado kinaweza? Ya pili: je, somo hili litaniharibia imani? Zote mbili zina majibu ya kitafiti, na tutayapitia. Lakini kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko hofu hizo na watu wachache hulifikiria kabla ya kulipa ada: saikolojia kama sayansi ni tabia ya kuuliza "tunajuaje?" kila mara mtu anapodai kitu kuhusu moyo wa binadamu. Mtu mzima Mkristo anaingia darasani akiwa na majibu mengi tayari. Kozi nzuri haimnyang'anyi majibu hayo. Inamfundisha kuyapima yale yanayopimika.

Tuanze na kichwa.

Mwaka 1928 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha kitabu kizima kuhusu watu wazima kujifunza, akipinga imani ya wakati ule kwamba ukivuka ujana mlango umefungwa. Alionyesha kwamba uwezo wa kujifunza hupungua polepole sana, tofauti kabisa na watu walivyodhani. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi na babu zetu wengi walijifunza kusoma katika madarasa yale. Kwa hiyo "nimezeeka" si sababu. Kinachopungua kweli kadiri umri unavyokwenda ni kasi. Kinachoongezeka ni akiba: msamiati, uzoefu, mifano ya watu halisi uliowahi kukaa nao. Ukisoma sura ya huzuni ya msiba ukiwa na miaka 20 unakariri. Ukiisoma ukiwa na miaka 43, umeshazika watu.

Tatizo halisi la anayesoma peke yake ni kusahau, na kusahau kulipimwa zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zimebaki ngapi baada ya saa, siku, wiki. Matokeo yake ya mwaka 1885 yanaonyesha mteremko mkali: sehemu kubwa inapotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kupotea inapungua. Watafiti wawili wa Uholanzi, Murre na Dros, walilirudia jaribio hilo na kuchapisha mwaka 2015. Mteremko ulikuwa ule ule.

Dawa yake? Wengi wetu tukisahau tunarudia kusoma. Hebu tazama jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kisayansi. Kundi moja liliisoma vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja meza ilipinduka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na 61.

Ndo maana ukimaliza kusoma unajiona umeelewa kila kitu, halafu siku ya mtihani kichwa cheupe. Hisia ya "naijua hii" inatokana na macho kuizoea karatasi. Na kwa mtu wa Kapalamsenga hii ni habari njema kweli kweli, kwa sababu njia inayofanya kazi haihitaji bando. Pakua somo siku mtandao ukiwa mzuri, zima data, soma mara moja, funga, chukua daftari andika ulichobaki nacho. Kesho yake tena kabla hujafungua somo jipya. Jumapili tena. Inachosha na inaudhi, maana unaona wazi usichokijua. Kuudhika huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Kusahau kuna ndugu yake: kuacha katikati. Katy Jordan wa Uingereza alikusanya takwimu za kozi kubwa za wazi za mtandaoni, akakuta (chapisho la mwaka 2015) kwamba katika kozi ya kati kwenye orodha yake ni kama asilimia 12.6 tu ya waliojiandikisha waliomaliza. Kozi za bure zina watu wengi wanaojaribu tu, hilo tulikubali, na shahada ya kulipia ina nidhamu yake. Ila takwimu hiyo inatosha kukufanya utafute mwenzako mmoja, hata kama yuko Sumbawanga au Kigoma, mpigiane simu kila wiki na kuulizana maswali. Kikundi cha WhatsApp cha watu 200 hakifanyi kazi hiyo. Kinajaa salamu na mahubiri ya asubuhi.

Sasa imani.

"Mtazamo wa Kikristo" katika saikolojia si kitu kimoja, na hapa ndipo matangazo ya kozi yanapochanganya watu. Kuna kitabu kilichohaririwa na Eric Johnson mwaka 2010 kinachoweka mezani misimamo mitano ya wasomi Wakristo, na wanapingana bila kuficha. Upande mmoja yuko David Myers, mwanasaikolojia ambaye vitabu vyake vya kiada vinatumika duniani kote. Kwake, saikolojia na theolojia ni ngazi mbili za kumweleza mtu yule yule, kama vile fizikia na muziki vinavyoweza kuueleza wimbo mmoja bila kugombana. Upande mwingine kuna wafuasi wa Jay Adams, mchungaji ambaye mwaka 1970 alitoa kitabu kilichowaambia wachungaji kwamba wenye Biblia wana wanachohitaji ili kushauri, na kwamba matatizo mengi yasiyo na chanzo cha mwili yanatokana na dhambi. Katikati wapo wanaounganisha. Seminari ya Fuller huko California ilifungua shule yake ya saikolojia mwaka 1965 kwa nia hiyo hasa.

Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kukupeleka pande hizo mbili. Moja itakufundisha takwimu, utafiti na tiba zilizojaribiwa, kisha ikuulize imani yako inasema nini kuhusu utu wa mgonjwa. Nyingine itakupa mistari ya Biblia kwa kila tatizo na kuiita saikolojia. Mimi naona ya pili ina haki ya kuwepo, ila iitwe jina lake: huduma ya kichungaji. Kuiita saikolojia ni kumuuzia mtu mahindi kwenye gunia la mchele.

Ili kuona kwa nini tofauti hii si ya maneno tu, twende Mahenge, mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta huko watu wengi wenye kifafa. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, maana mtu akianguka karibu na jiko na wenzake wanaogopa kumgusa, anaungua. Na walikuwa wanaogopa kumgusa kwa sababu iliaminika kwamba ugonjwa unaambukiza kupitia mate na povu. Wagonjwa walitengwa, wakala peke yao, wakalala peke yao. Jilek-Aall alifungua kliniki akaanza kuwapa dawa za kuzuia degedege la kifafa, na wengi walipata nafuu hadi wakarudi kukaa na watu.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anajua kwamba katika Mathayo 17 neno lililotumika kwa yule kijana anayeanguka motoni na majini ni hilo hilo, kifafa, na kwamba sura hiyo hiyo inasema Yesu alimkemea pepo. Mkristo anayesoma saikolojia atalikuta swali hili wiki ya tatu au ya nne, akifika kwenye ubongo. Wapo wanaotafsiri kwamba mwandishi alieleza ugonjwa kwa lugha ya zama zake. Wapo wanaosema kulikuwa na vyote viwili. Hilo ni la theolojia, na saikolojia haina kipimo cha kulimaliza. Lakini kuna swali la pili lililokaa ndani yake ambalo lina kipimo kabisa: mtoto wa jirani yako anayeanguka leo, akipewa dawa ya kifafa, anaanguka mara chache zaidi? Jibu ni ndiyo kwa wagonjwa wengi, na halibadiliki ukibadilisha tafsiri yako ya Mathayo. Tena utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba vijiji vya Mahenge vyenye usubi mwingi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni, ndivyo vyenye kifafa kingi pia. Kumbe njia ya kuwakinga watoto inaweza kupitia kwenye dawa ya minyoo. Aliyeridhika na jibu la kwanza tu asingeufikia mto.

(Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa saikolojia, naelewa. Ila nani anayeletewa mtoto wa kwanza kuanguka kijijini? Mara nyingi ni mtu wa maombi. Anachosema yeye siku hiyo ndicho kinachoamua kama mtoto atafika zahanati.)

Na maombi yenyewe je? Yamepimwa. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliombewa na vikundi vya Wakristo bila kuwa na uhakika kama linaombewa, la pili halikuombewa nalo bila uhakika, la tatu liliombewa na likaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 la pili, 59 la tatu. Yaani maombi ya watu wasiowajua hayakuonyesha tofauti, na kuambiwa "unaombewa" kulikwenda na matatizo zaidi kidogo, pengine kwa sababu mgonjwa alijiuliza: kwani hali yangu ni mbaya kiasi hicho?

Mwanafunzi Mkristo akisoma hayo hukasirika au hunyamaza. Afanye jambo la tatu: aulize nini hasa kilipimwa. Kilipimwa kama maombi ya wageni, kwa muda uliopangwa, yanapunguza matatizo ya upasuaji. Hakikupimwa kama Mungu yupo, wala maana ya maombi kwa anayeomba. Mpinzani wa dini anayeutumia utafiti huu kusema "imethibitishwa hakuna Mungu" amekosea. Na muumini anayeona ni kufuru hata kupima naye amejinyima kitu, kwa sababu ukipima imani ya mtu mwenyewe jinsi inavyombeba kwenye shida, yanatoka mambo ya maana sana. Kenneth Pargament ametumia miaka mingi kwenye hilo. Katika utafiti wake wa mwaka 2001, uliofuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wale waliokuwa wakipambana kiimani, kwa mfano waliojiona wameachwa na Mungu au wanaadhibiwa, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili iliyofuata, hata baada ya watafiti kuzingatia ukali wa ugonjwa.

Fikiria hilo ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa kansa na mwenzako wa kanisani anamwambia "tafuta dhambi uliyoficha".

Kuna jambo jingine ambalo kozi za mtandaoni haziligusi, kwa sababu nyingi zimeandikwa Marekani: lugha. Kitabu kitakupa neno la Kiingereza, hospitali zetu zitakupa "sonona", na mama wa Kapalamsenga hatasema lolote kati ya hayo. Atasema moyo unaenda mbio, mawazo mengi, mwili umechoka, silali. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliligusa tatizo hili kwa vitendo. Mwaka 2002 walichapisha kazi iliyopima kama orodha ya maswali ya dalili iliyotungwa nje inafaa kwa wajawazito wenye VVU hapa Tanzania. Swali lao lilikuwa lile lile: tunajuaje kwamba alama hizi zinamaanisha hapa kile zinachomaanisha kule? Zoezi ninalolipendekeza kwa kila anayesoma mbali: kila istilahi unayojifunza, andika pembeni maneno matatu ambayo mtu wa kwenu angetumia akiwa na hali hiyo, kwa Kiswahili, Kibende, Kifipa au lugha yoyote ya nyumbani. Ukikosa hata moja, bado hujaielewa.

Wazimbabwe walianzia hapo hapo. Daktari Dixon Chibanda alichukua neno la Kishona linalomaanisha kufikiri kupita kiasi, akafundisha wahudumu wa afya wanawake, wengi wao mabibi, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilifanyika katika kliniki 24 za Harare likiwa na watu 573. Baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na mabibi, na 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Karibu zaidi na sisi, Moshi na Bungoma kule Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kutoa tiba ya fikra na tabia kwa watoto waliofiwa na mzazi. Matokeo ya Shannon Dorsey na wenzake, mwaka 2020, yalikuwa mazuri Kenya hata baada ya mwaka mmoja. Kwa upande wa Tanzania, mwaka ulipopita watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu karibu sawa. Nayataja yote kwa makusudi. Ukisoma kozi inayokupa ushindi tu, kuna kitu imekuficha.

Ona pia kwamba wale mabibi na wale washauri wa Moshi walifundishwa kwa mazoezi, na kulikuwa na mtu juu yao anayesikia walichofanya na kuwarekebisha. Hiki ndicho ambacho video haiwezi. Unaweza kujifunza nadharia ya kiwewe ukiwa chini ya mwembe. Huwezi kujifunza kunyamaza dakika mbili mbele ya mtu anayelia bila mtu kukuona ukishindwa kunyamaza. Mfano mzuri uko wilaya hiyo hiyo, Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kukombolewa na wamisionari, alipelekwa Malta kusomea udaktari miaka ya 1880 kabla ya kufika Karema mwaka 1889 kama katekista na tabibu. Alitibu watu hapo mpaka uzee, akafariki mwaka 1956. Waliomtuma walitaka mwinjilisti, lakini hawakuona kwamba sala inatosha mahali pa mafunzo.

Kuna jambo moja ambalo usisubiri cheti kulijua. Watu wengi wanaogopa kumuuliza mtu aliyekata tamaa kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo. Dazzi na wenzake walipitia tafiti kuhusu hilo mwaka 2014 na hawakuona ushahidi kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Muulize waziwazi, kwa upole, akisema ndiyo usimwache peke yake, na mfikishe kituo cha afya na baadaye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mpanda. Kuomba naye njiani hakuna aliyekataza.

Kuhusu ada na cheti, nitasema kwa ufupi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina hii hasa, wanaosoma huku wanafanya kazi. Kama hukufika kidato cha sita, uliza kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali unaosimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kama chuo ni cha nje, waandikie TCU kabla hujalipa, uliza kama shahada yake inatambuliwa hapa, kwa sababu neno "Kikristo" kwenye tovuti si ithibati. Na cheti cha wiki sita, hata kiwe na mhuri wa dhahabu, hakikufanyi mwanasaikolojia tiba.

Halafu kiulize chuo chenyewe maswali manne: nani atasimamia mazoezi yangu ya kushauri na atanisikia mara ngapi kwa mwezi, masomo ya utafiti na takwimu ni mangapi, mitihani nafanyia wapi mtandao ukikatika, na kwenye orodha yenu ya vitabu kuna kimoja kinachopingana na msimamo wenu? La nne ndilo litakalokuambia uko na watu gani.